Mpaka wa Ua: Historia ya Wanyamapori Kandokando ya Nyumba za Mashambani Ufaransa

Nyumba ya mkulima wa Ufaransa haikuwahi kuwa makao ya binadamu peke yake. Katika majimbo mengi ng'ombe walilazwa chini ya paa moja na wenye nyumba. Mbayuwayu walijenga viota juu ya boriti za zizi. Bundi alikaa ghalani. Na hatua chache tu nje ya ua ulianza ulimwengu wa wale wasiofugwa na mtu, yaani mbweha, sungura, nguruwe mwitu, nyoka na, hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20, mbwa mwitu. Ujirani huo kwa kawaida husimuliwa kama suala la tabia za wanyama, kwamba huyu ni mkali, yule ni mwizi na mwingine hana madhara. Hata hivyo, sheria zilizotungwa, malalamiko ya wanavijiji na zawadi zilizolipwa kwa waliowaua wanyama vinaonyesha jambo jingine: mnyama yuleyule aliweza kuwa mali ya bwana katika karne moja, adui wa taifa katika karne iliyofuata na kiumbe wa kulindwa na serikali katika karne ya tatu, ilhali tabia zake zilibaki zilezile. Kilichobadilika ni nani mwenye haki ya kuua, na nani mwenye mamlaka ya kuamua ni mnyama yupi anastahili kuuawa. Historia hiyo huonekana wazi zaidi pale inapogusa ua wa nyumba.

Saa ya mbwa na mbwa mwitu

Kifaransa kina msemo wa tangu Enzi za Kati unaoitaja saa ya machweo kuwa ni "kati ya mbwa na mbwa mwitu", yaani ule muda ambao nuru imefifia kiasi kwamba mtu aliyesimama mlangoni hawezi kutambua kama kinachosogea ukingoni mwa shamba ni mbwa wa nyumbani anayerejea au ni yule wa msituni. Mbwa mwitu anayetajwa hapa, loup kwa Kifaransa, ni mnyama wa Ulaya mwenye manyoya ya kijivu, wala asichanganywe na mbwa mwitu mwenye mabaka wa nyika za Afrika. Hofu iliyomo katika msemo huo ilikuwa na msingi. Mwanahistoria Jean-Marc Moriceau, aliyepekua madaftari ya parokia ambamo mapadri waliandika ubatizo, ndoa na mazishi, ameonyesha kwamba tangu mwishoni mwa Enzi za Kati hadi karne ya 19 maelfu ya watu waliuawa au kujeruhiwa na mbwa mwitu nchini Ufaransa, wengine kwa kung'atwa na mnyama mwenye kichaa, wengine kwa kuwindwa kama mawindo mengine yoyote. Katika kundi hili la pili, wengi walikuwa watoto, na sababu yake ilikuwa mgawanyo wa kazi nyumbani, kwa kuwa kuchunga ng'ombe na kondoo kwenye malisho yaliyopakana na misitu kulikuwa kazi ya wavulana na wasichana ambao nguvu zao hazijatosha kushika jembe la kukokotwa.

Tukio linalojulikana zaidi lilitokea Gévaudan, eneo la milima ya kusini ya kati ambalo sehemu yake kubwa leo ni wilaya ya Lozère. Kuanzia katikati ya 1764, mnyama aliyepewa jina la "Mnyama wa Gévaudan" aliua watu wanaokadiriwa kufikia 100 katika muda wa miaka mitatu, na wa kwanza kuandikwa rasmi alikuwa Jeanne Boulet, msichana wa miaka 14 aliyeuawa mwishoni mwa Juni 1764. Tarehe 12 Januari 1765, kundi la watoto wachungaji lilivamiwa karibu na kijiji cha Villaret. Watoto hao hawakuwa na silaha ila fimbo walizofungia visu kwenye ncha. Mnyama alipomkamata mmoja wao na kumburuta kuelekea penye matope, mwenzao Jacques Portefaix aliwazuia wengine wasikimbie, akawaongoza kumfuata na kumchoma hadi akamwachia mtoto akiwa hai. Mfalme Louis XV aliposikia habari hiyo aliamuru Portefaix apewe livre 300, wenzake wagawane livre 350, na kijana huyo asomeshwe kwa gharama ya ufalme; baadaye akawa ofisa wa jeshi la mizinga.

Katika kisa hicho, visu vilivyofungwa kwenye fimbo vinastahili kutazamwa kwa makini kuliko mnyama mwenyewe. Wakulima wa Gévaudan waliishi chini ya sheria ambayo kwa karne kadhaa ilikuwa imeufanya uwindaji kuwa haki ya makabaila. Amri ya Mfalme Charles VI ya 1396 ilikuwa imewakataza watu wasio na cheo kuwinda, na amri nyingine, hasa ile kuu ya misitu na maji ya 1669, zilikaza katazo hilo pamoja na masharti ya kumiliki bunduki. Kwa hiyo familia iliyoishi penye hatari kubwa zaidi ndiyo iliyoruhusiwa silaha hafifu zaidi, na ilibidi ingojee wawindaji wa mfalme watoke mbali. Wawindaji hao walikuja, na mmoja wao, François Antoine, aliua mbwa mwitu mkubwa mnamo Septemba 1765 na kurudi Versailles kwa shangwe, lakini vifo vilianza tena miezi michache baadaye. Vilikoma tu tarehe 19 Juni 1767, pale Jean Chastel, mwenyeji wa eneo hilohilo, alipompiga risasi mnyama mwingine katika msako ulioandaliwa na kabaila wa jirani.

Sungura wa bwana, kabichi ya mkulima

Mbwa mwitu aliogopwa zaidi, lakini mnyama aliyeipunguzia familia chakula kila siku alikuwa mdogo na hakuwa na meno ya kutisha. Mabwana wengi walikuwa na haki ya kuweka garenne, yaani ardhi iliyotengwa ili sungura wazaliane humo kwa ajili ya nyama na mchezo wa kuwinda. Pale ambapo garenne haikuzungushiwa ukuta, sungura walitoka usiku, wakala kabichi, ngano changa na magome ya miche ya matunda, kisha wakarudi kwa bwana wao wakiwa wameshiba, huku mwenye bustani akiwa hana ruhusa ya kumgusa hata mmoja. Njiwa walikuwa na hadhi hiyohiyo. Nyumba ya njiwa, colombier kwa Kifaransa, ilikuwa mnara wa mawe wenye mamia au maelfu ya vishubaka ndani yake, na katika majimbo mengi kuwa na mnara huo lilikuwa jambo la cheo. Ndege hao walishuka mashambani wakati wa kupanda na kuziokota mbegu kabla hazijaota. Katika maeneo ya uwindaji ya mfalme kandokando ya Paris, yaliyoitwa capitaineries, amri zilifika hadi kukataza kupalilia au kukata majani ya mifugo kabla ya tarehe fulani, ili kware wasisumbuliwe wakiwa wanaatamia.

Katika majira ya kuchipua ya 1789, vijiji vilipotakiwa kuandika cahiers de doléances, yaani madaftari ya malalamiko yaliyopelekwa kwenye mkutano mkuu wa matabaka matatu ya nchi, sungura na njiwa walitajwa ndani yake pamoja na kodi ya chumvi na zaka ya kanisa. Ndiyo maana wanyama hawa walipata nafasi ya juu kabisa katika sheria ya mapinduzi. Amri zilizopitishwa kuanzia usiku wa tarehe 4 Agosti hadi tarehe 11 Agosti 1789, ambazo huadhimishwa kwa kufuta ukabaila, zilifuta haki ya nyumba za njiwa katika kifungu chake cha pili na haki ya kuwinda pamoja na garenne zisizozungushiwa ukuta katika kifungu cha tatu. Njiwa walitakiwa kufungiwa katika nyakati zitakazopangwa na kila jumuiya, na katika nyakati hizo njiwa aliyeonekana nje alihesabiwa kuwa windo ambalo kila mtu angeweza kuliua kwenye ardhi yake. Taifa lilitangaza haki ya kulinda mbegu ya mkulima kabla halijakamilisha tangazo la haki za binadamu, ambalo lilipitishwa tarehe 26 mwezi huohuo.

Uhuru huo haukuwa wa wote, kwa kuwa ulifungwa kwenye umiliki: aliyekuwa na ardhi aliwinda kwenye ardhi yake, na asiyekuwa nayo alibaki mwizi wa wanyama kama zamani. Sheria ya tarehe 3 Mei 1844 iliupanga mfumo huu mpya kwa namna ambayo misingi yake ingalipo. Iliweka kibali cha kuwinda cha kulipiwa na misimu ya kufungua na kufunga uwindaji, lakini kifungu chake cha pili kiliiweka nyumba kando ya masharti hayo: mwenye ardhi aliweza kuwinda wakati wowote, bila kibali, katika eneo lililoshikamana na makao yake na kuzungukwa na ua usiokatika, unaozuia mawasiliano yote na ardhi za majirani. Ndani ya ua kama huo kabichi, kuku na sungura aliyejipenyeza walikuwa chini ya mamlaka ya mtu mmoja. Sheria hiyohiyo iliwapa maprefeti, yaani wawakilishi wa serikali kuu katika kila wilaya, uwezo wa kuorodhesha wanyama "wabaya au waharibifu", ambao mwenye ardhi angeweza kuwaangamiza wakati wote. Neno la Kifaransa nuisible, lenye maana ya kiumbe kinacholeta madhara, likawa cheo rasmi cha kisheria, na mnyama aliyepewa cheo hicho hakuwa na msimu wa kupumzika.

Mbwa mwitu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangamizwa kwa utaratibu wa nchi nzima. Charlemagne alikuwa ameagiza mwanzoni mwa karne ya 9 kuwepo kwa wawindaji maalumu wa mbwa mwitu, walioitwa luparii kwa Kilatini, na kutokana na wazo hilo ikakua taasisi iitwayo louveterie, ambayo Napoléon aliipanga upya mwaka 1804. Kilichommaliza mnyama huyu, hata hivyo, kilikuwa fedha pamoja na sumu. Sheria ya tarehe 3 Agosti 1882 ilitoa faranga 100 kwa mbwa mwitu mkubwa, 150 kwa jike mwenye mimba, 40 kwa mtoto na 200 kwa yule aliyethibitika kushambulia watu. Katika mwaka 1883 pekee zawadi zililipwa kwa zaidi ya wanyama 1,300. Bunduki bora, sumu ya strikinini iliyofichwa ndani ya mizoga na misitu iliyokuwa imefyekwa sana viliungana na zawadi hizo, na ilipofika miaka ya 1930 mbwa mwitu alikuwa ametoweka Ufaransa kama mnyama anayezaliana.

Mlango wa ghala

Sheria iliandikwa Paris, lakini mlango wa ghala ulikuwa na hukumu zake. Hadi karne ya 20 msafiri aliyepita vijijini angeweza kuona bundi amegongomelewa kwenye mbao za mlango, mabawa yamenyooshwa pande zote mbili kwa misumari na kile kisura cheupe chenye umbo la moyo kimeinamia kifuani, akiachwa humo akauke mpaka abaki manyoya na mifupa. Aliyefanywa hivyo mara nyingi alikuwa bundi mweupe anayependa majengo ya watu, ambaye kwa Kifaransa huitwa effraie, neno lenye mwangwi wa kitisho, na pia "bibi mweupe". Ndege huyo haimbi bali hukoroma na kupiga yowe usiku, huruka bila sauti, na hukaa kwenye minara ya makanisa juu ya makaburi; hayo yalitosha kumfanya mjumbe wa mauti, kama vile mlio wa bundi juu ya paa ulivyohofiwa katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Kumgongomelea mlangoni kuliaminika kugeuza kisirani kimrudie mwenyewe na kukinga mavuno dhidi ya radi. Huko Provence, kusini-mashariki, aliitwa "mnywa mafuta", akishtakiwa kwamba huingia kanisani usiku kunywa mafuta ya taa za ibada.

Mwenye ghala aliyempigilia misumari alikuwa akimwua mlinzi wake. Chakula cha bundi huyu ni panya wadogo wa mashambani, na ushahidi huuacha mwenyewe, kwa kuwa huyatema manyoya na mifupa asiyoweza kuyeyusha katika madonge meusi yanayong'aa, ambayo mtu yeyote anaweza kuyapasua na kuhesabu mafuvu yaliyomo. Mbayuwayu, kwa upande wake, hakuhitaji ushahidi wowote ili apendwe. Kiota chake juu ya ng'ombe kilihesabiwa kuwa baraka, kukibomoa kulikuwa kuitafuta balaa, na dirisha la zizi liliachwa wazi makusudi kuanzia majira ya kuchipua, ndege huyo anaporejea kutoka Afrika, ambako huishi wakati wa kipupwe cha Ulaya. Ndege wawili waliokaa chini ya paa moja, wakila wasumbufu wa mkulima, mmoja panya na mwingine nzi, walipewa hatima mbili tofauti kwa sababu ya saa wanazoamka na sauti wanazotoa.

Kati ya kupendwa na kuchukiwa kulikuwa na wengine. Fouine, mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche mwenye baka jeupe kooni, alilala mchana ndani ya nyasi kavu za darini na usiku akaingia kizimbani kuua kuku wengi kuliko aliohitaji. Nyoka wa jamii ya piri, vipère, alijificha kwenye kuta za mawe na marundo ya kuni, na katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wilaya kadhaa zililipa senti kadhaa kwa kila kichwa, kiasi kwamba wapo watu waliojipatia riziki kwa kukamata nyoka. Kalunguyeye alivumiliwa kwa sababu hula konokono na wadudu wa bustani, japokuwa alisingiziwa kunyonya ng'ombe usiku, kosa ambalo kinywa chake kidogo hakiwezi kulitenda.

Jina la mbweha

Mbweha mwekundu ndiye aliyeacha alama kubwa zaidi, hata katika lugha yenyewe. Katika Kifaransa cha kale aliitwa goupil, neno lenye asili ya Kilatini. Katika karne za 12 na 13 zilienea hadithi za kishairi ambazo kwa pamoja huitwa Roman de Renart, ambamo mbweha aliyepewa jina la mtu, Renart, humdanganya mbwa mwitu Ysengrin tena na tena, kama vile sungura wa ngano za Kiswahili anavyomdanganya fisi. Wasimulizi walimpenda mno mjanja huyo hata jina lake likalifukuza jina la spishi, na leo kila Mfaransa humwita mbweha renard, huku goupil likiwa neno la vitabuni. Mapenzi hayo ya masimulizi hayakumwokoa kizimbani. Mbweha alibaki katika orodha za waharibifu katika wilaya nyingi, akitegewa mitego ya meno ya chuma, ambayo ilipigwa marufuku mwaka 1995, na kuvutwa kutoka mapangoni mwake kwa mbwa na sepetu.

Hofu dhidi yake iliongezeka mwaka 1968, pale kichaa cha mbwa kilipovuka mpaka kutoka Ujerumani kwa njia ya mbweha na kuingia Moselle, kaskazini-mashariki. Kwa miaka mingi mamlaka zilijibu kwa kuua: mapango yalijazwa gesi, zawadi zililipwa, wakazi walionywa wasimguse mbweha yeyote anayejongea nyumbani bila woga. Ugonjwa uliendelea kusonga. Mafanikio yalikuja baada ya 1986, walipoanza kutumia chambo chenye chanjo ndani yake, kilichotengenezwa kwa mchanganyiko wenye harufu ya samaki na kutawanywa mashambani, baadaye hata kwa helikopta. Mbweha walikula, wakakingwa, na mwaka 1998 kisa cha mwisho cha mbweha mwenye kichaa kikaandikwa. Mnyama aliyepigwa vita kwa karne nyingi alikuwa amelishwa dawa na serikali kwa mkono wake, na hilo ndilo lililozikinga nyumba za mashambani.

Sungura wawili wa Maillebois

Wakati huohuo sungura, aliyekuwa windo la kabaila kabla ya 1789, alikuwa ameshakuwa windo la kila mtu na nyama ya maskini. Tarehe 14 Juni 1952, Paul-Félix Armand-Delille, daktari mstaafu na mtaalamu wa bakteria, aliwachoma sindano sungura wawili katika shamba lake la Maillebois, wilaya ya Eure-et-Loir, magharibi mwa Paris, kwa virusi vya miksomatosi alivyoletewa kutoka Lausanne, Uswisi. Miksomatosi ni ugonjwa wa sungura wenye asili ya Amerika ya Kusini, ambao huvimbisha macho na kichwa cha mnyama hadi awe kipofu, na ulikuwa umetumika Australia miaka miwili kabla. Daktari alitaka kuokoa miti na mazao ndani ya shamba lake, na aliamini kwamba ukuta uliolizunguka ungeuzuia ugonjwa usitoke. Ndani ya majuma sita karibu sungura wote wa shamba walikuwa wamekufa. Lakini ugonjwa huo husambazwa na mbu na viroboto, na ukuta haukuwa kizuizi kwao. Mwaka 1953 ugonjwa ulikuwa umeenea katika sehemu kubwa ya Ufaransa na kuvuka bahari hadi Uingereza, na ilipofika 1954 inakadiriwa kwamba sungura mwitu 9 kati ya kila 10 nchini Ufaransa walikuwa wamekufa.

Matokeo yake yaliigawa nchi. Wafugaji wa sungura na wawindaji walimshtaki daktari, naye akatozwa faini ya faranga 5,000 mwaka 1955. Wakulima na wenye misitu walimshukuru, na mwaka 1956 akatunukiwa medali. Hatima ya sungura mwenyewe inaonyesha jinsi majina ya kisheria yanavyoweza kuachana na hali halisi: leo wataalamu humweka katika kundi la wanyama wanaokaribia kuwa hatarini nchini Ufaransa, na hapohapo sheria huruhusu aangamizwe kama mharibifu katika baadhi ya maeneo. Kitendo cha mtu mmoja kiliiletea nchi nzima jambo ambalo hakuna sheria iliyoliamuru, na hoja yake ilikuwa ileile ya 1844, kwamba ndani ya ua wa mtu, mwenye ua ndiye mwenye kauli.

Kurudi kwa msitu

Nusu ya pili ya karne ya 20 iligeuza mandhari kwa njia mbili zinazopingana. Katika maeneo ya bocage, yaani mashamba madogo yaliyotenganishwa na nyua za miti na vichaka, sera ya kuunganisha viwanja ili matrekta yapite iling'oa nyua hizo kwa wingi. Inakadiriwa kwamba asilimia 70 ya zile zilizokuwepo zimetoweka tangu 1950, na pamoja nazo makazi ya kalunguyeye, kware na ndege wengi. Upande mwingine, wakulima walipohamia mijini waliacha mashamba ya milimani, na miti ikayavamia: misitu ya Ufaransa, iliyokuwa chini ya hekta milioni 10 mwanzoni mwa karne ya 19, imefika zaidi ya hekta milioni 17. Wanyama wadogo wa ukingo wa shamba walipungua, na wakubwa wa msituni wakaisogelea nyumba.

Nguruwe mwitu ndiye aliyefaidika kuliko wote. Katika msimu wa 1973 wawindaji waliua takriban 36,000 nchi nzima. Misimu ya karibuni idadi hiyo imezidi 800,000. Mashamba ya mahindi humpa chakula na maficho kwa pamoja, vipupwe visivyo vikali huwaacha watoto wake hai, na idadi ya wawindaji, iliyozidi milioni 2 katika miaka ya 1970, imeshuka hadi takriban milioni 1. Mwenye nyumba huiona kazi ya nguruwe huyo asubuhi, pale majani ya ua yanapokuwa yamepinduliwa kama yaliyolimwa kwa jembe, kwa kuwa mnyama huyo hutumia pua yake ngumu kufukua minyoo na mizizi. Sheria ya Desemba 1968 ilikuwa imemwondolea mkulima haki ya kumpiga risasi mnyama mkubwa kwa sababu tu ameingia shambani mwake, na badala yake ikaweka fidia inayogharimiwa na wawindaji. Mkulima aliyekuwa mlalamikaji mwaka 1789 akarudi kuwa mlalamikaji, isipokuwa sasa hujaza fomu ya hasara badala ya daftari la malalamiko.

Sheria zenyewe pia zilibadilisha majina. Ndege wote wawindao, bundi akiwa miongoni mwao, walilindwa kuanzia 1972. Sheria ya tarehe 10 Julai 1976 ikaifanya hifadhi ya maumbile kuwa jambo la manufaa ya umma. Kumgongomelea bundi mlangoni kukageuka kutoka kinga hadi kosa la jinai. Mnamo Novemba 1992 mbwa mwitu wawili walionekana katika hifadhi ya Mercantour, karibu na mpaka wa Italia, wakiwa wamevuka Alps kwa miguu yao wenyewe, na wazao wao sasa hukadiriwa kuwa takriban 1,000, wakilindwa na mkataba uleule wa Bern wa 1979 unaolalamikiwa na wafugaji wa kondoo. Mwaka 2016 sheria ya bioanuwai ililifuta neno nuisible na kuweka mahali pake "spishi zinazoweza kuleta hasara". Maneno yalipoa, lakini orodha ilibaki, na mbweha na fouine wangali ndani yake katika wilaya nyingi.

Mzozo wa nani mwenye kauli ulihamia basi kwenye umbali kutoka nyumbani. Sheria ya tarehe 10 Julai 1964, iitwayo sheria ya Verdeille, iliwalazimisha wenye ardhi ndogo katika sehemu nyingi za nchi kuwaachia wanachama wa chama cha wawindaji wa kijiji haki ya kuwinda humo, isipokuwa ndani ya mita 150 kutoka kwenye makao. Na mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la Chassagnou dhidi ya Ufaransa, iliamua kwamba mtu anayepinga uwindaji kwa dhamiri hawezi kulazimishwa kuwaruhusu wawindaji kwenye ardhi yake. Kisha ikaja sheria ya tarehe 2 Februari 2023, iliyochochewa na nyua ndefu zilizokuwa zimeigawa misitu ya Sologne katika mbuga binafsi za kuwindia. Uzio katika maeneo ya asili sasa hautakiwi kuzidi mita 1.20 kwenda juu, na chini yake lazima iachwe nafasi ya sentimita 30 ili wanyama wapite. Mwenye nyumba amebakishiwa haki ya kujizungushia uzio usiopenyeka, mradi usiwe mbali na makao yake kwa zaidi ya mita 150.